Nilivyoufuata Mwisho wa Dunia hadi Ikutha

Marafiki zangu, mmeniuliza kwa simu, mmeniuliza kanisani, na juzi mmoja wenu alinisimamisha katikati ya barabara nikiwa nimebeba mtungi wa gesi, akitaka nimweleze yote hapo hapo. Nimechoka kusimulia vipande vipande. Haya, nimekaa chini nikaandika. Mambo ya nauli na tiketi nimeyaacha kwa sababu hayana utamu.

Kwa wale wasiojua chanzo: mimi hushona vifungo na kukunja pindo katika karakana ya sare za shule ya Mama Kioko, pale Shauri Moyo. Tuko wanawake saba. Kila siku saa tisa, chai ikishamiminwa, mimi huweka sindano chini na kuwasomea wenzangu kitabu kwa nusu saa huku wao wakiendelea kushona. Walinichagua kwa sababu kazi yangu ndiyo nyepesi, na pia, wanasema, kwa sababu najua kuigiza sauti za wanaume.

Miezi mitatu iliyopita nilipata kitabu chakavu Gikomba, kati ya rundo la vitabu vya mitumba. Kiliitwa *Kabla ya Jumapili*, na mwandishi alikuwa J. M. Nzioka. Ni riwaya ya vijana. Serikali imetangaza kwamba jiwe kubwa linashuka kutoka angani na dunia itaisha Jumapili, baada ya siku tisa. Watu wameacha kazi, harusi zinafungwa tatu kwa siku, na katikati ya vurugu hiyo mwalimu wa hesabu, Mwalimu Daudi, anatoweka. Hakuna anayejali isipokuwa msichana wa miaka kumi na sita anayeitwa Mbula. Kila anapouliza anajibiwa neno moja: "Unamtafutia nini mtu mmoja, na sote tunaondoka?" Naye anazidi kutafuta.

Sisi ni watu wazima, wengine wetu wana wajukuu, lakini kitabu hicho cha vijana kilitushika. Mama Kioko alikuwa na hakika kwamba mwalimu ameuawa na mlinzi wa shule, Mzee Shaba, mwenye chumba kilichofungwa kwa kufuli mbili. Halima, anayekaa cherehani ya dirishani, alibisha kila siku. Alisema mwalimu ameondoka kwa miguu yake, amerudi alikozaliwa. "Mtu akisikia dunia inaisha anarudi kwao," alisema. "Hata kama kwao hakuna kitu." Halima alivuka mpaka akiwa mgongoni mwa mama yake, wakikimbia vita kwao, na tangu hapo hajarudi. Akisema neno kama hilo, hata Mama Kioko humjibu kwa sauti ya chini.

Jumatano ile tulifika ukurasa wa mia moja arobaini na nane. Mbula amefungua kufuli ya kwanza, ameshika ya pili, anasikia kitu kikisogea ndani. Nikafungua ukurasa. Nikakuta jalada.

Kelele zilizopigwa pale zilileta watu kutoka duka la jirani wakidhani mtu amejidunga sindano. Halima peke yake hakupiga kelele. Wiki hiyo hiyo alikuwa ametuambia kwamba, baada ya kungoja miaka kumi na moja, yeye na wanawe wamepata nafasi ya kuhamia Kanada. Jumamosi saa kumi na moja jioni gari lingewachukua.

"Kwa hivyo nitaishi Kanada mpaka nife," alisema, "na sitajua mwalimu alienda wapi." Alicheka, kisha akageukia dirishani akajifuta macho kwa kipande cha kaptula.

Mama Kioko alivua miwani. "Rehema, kesho usije kazini. Nenda ukautafute huo mwisho."

Shauri Moyo hadi Ziwani

Ndani ya jalada kulikuwa na mstari mmoja tu wa msaada: *Kimechapwa kwa ajili ya mwandishi, Ziwani, Nairobi.* Alhamisi asubuhi nikaenda kwa miguu. Nilipita katikati ya Gikomba, ambako watu watatu walijaribu kuniuzia viatu vya aina ile ile niliyokuwa nimevaa, nikavuka mto, na baada ya nusu saa nilikuwa Ziwani kati ya zile nyumba za zamani za mawe.

Vijana wanne walikuwa wamekaa ukutani. "Niaje," niliwasalimu. "Mnamjua mwandishi mmoja wa hapa, anaitwa Nzioka?"

"Mwandishi? Tuko naye," mmoja alisema. "Zunguka hiyo kona, utaona jamaa kwa ngazi. Msee ako na mkono safi sana."

Kweli, kwenye kona kulikuwa na mzee juu ya ngazi, amevaa ovaroli yenye rangi zote za duniani, anaandika kibao cha buchari. Alikuwa amefika kwenye *Nyama Sa*.

"Shikamoo mzee. Nimeambiwa wewe ndiye mwandishi."

"Marahaba. Ndiye mimi. Umechelewa, lakini si kitu. Unataka herufi gani?"

"Nataka mwisho."

"Ya mwisho ni Z," alisema bila kugeuka. "Z peke yake siandiki. Nipe jina zima la duka."

Ilituchukua muda kuelewana. Fundi Ouko, ndilo jina lake, alidhani nimetumwa na mwenye hoteli fulani aliyekuwa akimsubiri tangu asubuhi, na mimi nilidhani huyu ndiye Nzioka na kwamba waandishi wote huongea kwa mafumbo. Nilipotoa kitabu kwenye mkoba alishuka ngazi haraka kuliko nilivyotegemea, akajifuta mikono, akakishika kama mtoto wa mtu.

"Hili jalada nililichora mimi," alisema. "Hili ndilo jiwe linashuka. Watu walisema ni kiazi."

Kusema kweli, sisi pia tulikuwa tukiliita kiazi. Sikumwambia.

Aliingia nyumbani kwake akatoka na nakala yake mwenyewe, safi, imefungwa kwa gazeti. Tuliifungua pamoja. Iliishia ukurasa wa mia moja arobaini na nane.

Nilikaa juu ya debe la rangi. Muda wote nilikuwa nikiamini kwamba kitabu chetu kimechanwa. Kumbe kilizaliwa hivyo.

"Mashine ya mchapaji iliharibika," Fundi Ouko alieleza. "Kipande cha mwisho kikabaki. Tukaambiwa kitakuja mwezi ujao, kila mtu atapewa chake abandike. Basi tukangoja. Ni mwaka wa nane huu."

"Na Bwana Nzioka yuko wapi siku hizi?"

"Bwana?" Alinitazama. "Jerusa ameota ndevu?"

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba J. M. Nzioka ni Jerusa, mwanamke, aliyekuwa karani katika ofisi ya maji na aliyeishi nyumba ya tatu kutoka pale tuliposimama. Alihama ghafla mama yake alipougua. Dada yake mkubwa yuko Buruburu. Fundi Ouko alinichorea ramani nyuma ya kipande cha boksi, na ilikuwa ramani nzuri kuliko lile jiwe. Kabla sijaondoka alinilazimisha kunywa chai na kula mandazi mawili.

"Ukimpata," alisema, "mwambie Ouko bado anangoja kipande chake abandike."

Ziwani hadi Buruburu

Dada yake Jerusa anaitwa Mama Mutheu. Alistaafu serikalini na nyumba yake ina lango la buluu na maua yaliyopangwa kama watoto wa gwaride. Nilipobisha alifungua kabla sijamaliza.

"Umefika! Mbona umechelewa hivi? Ingia, vua viatu."

Siku hiyo kila mtu aliniona nimechelewa. Niliingia. Nikafikiri Fundi Ouko amempigia simu, na moyo wangu ukafurahi. Mama Mutheu alinipeleka moja kwa moja jikoni.

"Sufuria kubwa zinakaa hapa. Hizi za udongo usiguse. Muthokoi unajua kupika?"

"Najua kidogo, mama."

"Kidogo haitoshi. Na kuamka? Unaamka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Hiyo ni nzuri." Akanipa aproni.

Sasa, mtaniuliza kwa nini sikusema kitu. Nilijiambia kwamba huyu ni mtu mzima, labda ana desturi ya kutomhudumia mgeni mvivu, na mimi nina shida na dada yake. Niliosha vyombo vyote. Nilipangusa jiko. Nilikuwa nimeanza kuchambua mchele simu yake ilipolia, na mtu upande wa pili akamweleza kwamba msichana wa kazi aliyetakiwa kufika siku hiyo amepata homa, atakuja wiki ijayo.

Mama Mutheu alikata simu polepole. "Na wewe ni nani?"

Nilipomweleza alicheka mpaka akashika meza, kisha akaona aibu, kisha akacheka tena. Alinivua aproni kwa mikono yake mwenyewe na kunikalisha sebuleni. Akaniletea sahani ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na maharagwe, iliyojaa hata sikuona mezani pa kuweka mkono.

"Jerusa yuko nyumbani kwetu, Ikutha," alisema. "Ana kinu cha kusaga mahindi. Namba yake siwezi kukupa, kwa sababu mdogo wangu hubadilisha laini kila bei ya nyanya inapobadilika sokoni. Ile niliyonayo haipatikani tangu Pasaka. Itabidi uende. Lakini nikuambie. Kitabu hicho hataki kusikia kikitajwa. Mama alipokufa, Jerusa alifunga mambo mengi, hicho kitabu kikiwamo."

"Nikifika akinifukuza?"

"Hawezi. Ila anaweza kukutazama. Mwache akutazame, kisha uombe tena."

Mombasa Road hadi Kibwezi

Ijumaa saa moja asubuhi nilikuwa ndani ya basi la Mombasa. Kondakta aliahidi kwamba saa tano nitakuwa Kibwezi. Alikuwa kijana mwenye matumaini.

Mbele kidogo ya Salama tulisimama. Lori la vitunguu lilikuwa limelala ubavu barabarani, dereva wake mzima kabisa, amekaa juu ya gurudumu akila ndizi. Vitunguu vilikuwa vimetapakaa kila mahali. Abiria walishuka. Akina mama wa karibu walitokea na majiko ya mahindi choma kana kwamba walikuwa wametuandalia. Nilinunua hindi nikakaa chini ya kivuli cha basi, nikafungua kitabu ili nisitazame saa.

Mbele yetu mwanamume mmoja mwenye suti ya kijivu na Biblia alianza kuhubiri. Dunia inaisha, alisema, nanyi mnakula mahindi. Alihubiri vizuri, ana sauti. Lakini mama aliyekaa karibu nami alikuwa amesoma jalada langu kwa kuibia, akaniuliza hicho nacho kinasemaje juu ya jambo hilo hilo. Nikamweleza. Akasema nisome. Nikasoma sura ya kwanza kwa sauti, na kwa kuwa nimezoea karakana, sauti yangu ilifika mbali. Watu wakasogea. Nilipoinua kichwa baada ya sura ya pili, mhubiri alikuwa ameketi juu ya kreti, mkono kidevuni.

"Huyo mlinzi mwenye kufuli mbili simwamini," alisema.

"Hata Mama Kioko hamwamini," nilimjibu.

"Mama Kioko ni nani? Yuko sura ya ngapi?"

Barabara ilifunguliwa saa saba na robo. Tulipoingia ndani ya basi mhubiri alibadilishana kiti na mtu ili akae nyuma yangu, na hadi Sultan Hamud alinieleza kwa nini ingefaa Mbula aanze kumtafuta mwalimu hospitalini. Alishuka Emali huku akinisihi nimwandikie mwisho kwa simu. Kibwezi nilifika saa tisa.

Kibwezi hadi Ikutha

Magari ya Ikutha yalikuwa yamekwisha kuondoka, isipokuwa moja la mama mfanyabiashara aliyekuwa akipeleka vifaranga. Alisema nafasi ipo nikikubali kupakata boksi. Nilipakata. Vifaranga mia moja walilia mapajani mwangu njia nzima, na kila gari liliporuka tuta walinyamaza wote kwa pamoja, kisha wakaanza tena kunilaumu. Nje ardhi ilikuwa nyekundu, na miti mifupi yenye miiba ilitufuata hadi upeo wa macho.

Kinu nilikisikia kabla ya kukiona. Ndani ya kibanda cha mabati kulikuwa na mtu mweupe kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu, kwa unga, na mashine iliyonguruma hata bati likatetemeka.

"Mama Jerusa! Nimekuja kwa ajili ya mwisho!" nilipiga kelele.

"Ndiyo, wewe ndiye wa mwisho!" alijibu kwa kelele. "Mimina haraka nifunge!"

"Sina mahindi!"

"Sasa unataka kusaga nini?"

Nikainua kitabu.

Alikitazama. Aliinama akazima mashine, na ukimya ukaingia kibandani kama mtu. Kisha akanitazama, vile dada yake alivyosema atanitazama. Macho yake yalikuwa kitu pekee kisicho na unga.

"Umekitoa wapi hicho?"

Nilimweleza. Alianza kufagia.

"Rudi Nairobi, msichana wangu," alisema mwishowe. "Mwisho wenyewe si mzuri. Nilimpa mtu msomi ausome. Akaniambia vijana watanicheka, maana hakuna aliyeuawa. Vipande vilipochapwa baadaye sikuvigawa; niliondoka Ziwani navyo, nikishukuru kwamba mashine iliharibika."

"Mama Kioko anasema Mzee Shaba ndiye muuaji," nilisema, kwa sababu sikujua la kusema.

Ufagio ulisimama. "Nani?"

"Bosi wangu. Anasema hakuna mtu mwema mwenye kufuli mbili. Na Halima anasema mwalimu amerudi kwao kwa miguu. Wamebishana miezi mitatu. Juzi Mama Kioko alishona mfuko wa shati juu chini kwa hasira."

Jerusa alianza kucheka. Alicheka kimya mwanzoni, mabega tu, unga ukimwagika, kisha akakaa juu ya gunia na kucheka kwa sauti mpaka jirani akachungulia.

"Halima huyo," aliuliza alipotulia, "kwa nini anadhani amerudi kwao?"

Nikamweleza kuhusu Halima. Nikamweleza kuhusu kesho, saa kumi na moja. Safari hii hakunitazama. Alitazama mikono yake.

"Twende nyumbani," alisema. "Lakini usifurahi bado. Boksi liko chini ya kitanda cha marehemu mama, na huku kwetu kuna mchwa."

Jioni hiyo, Jerusa akiwa anapika ndengu na chapati, nilipanda kwenye mwinuko nyuma ya nyumba nikampata Halima kwa simu. Nikamwambia nimefika, na kesho asubuhi nikipata kurasa nitazipiga picha nimtumie, maana njia haina uhakika.

"Usitume," alisema. Nyuma yake nilisikia watoto na mkanda wa kufungia masanduku ukichanwa. "Nimekusikia ukisoma kila siku saa tisa. Sitaki kuusoma mwisho kwa kioo cha simu nikiwa peke yangu. Njoo, Rehema. Kama hutafika, hutafika. Lakini njoo."

Ikutha hadi Shauri Moyo

Mchwa walikuwa wamefanya kazi ya miaka minane bila likizo. Jumamosi kulipokucha tuliburuta boksi uani na kulifungua: nakala mia mbili za kipande cha mwisho, kurasa kumi na mbili kila moja, na katikati shimo kubwa kama sahani. Jerusa alisema neno la Kikamba ambalo sikuuliza maana yake.

Tulitandika mkeka. Ilibidi tuanze kuchambua, ukurasa mmoja kutoka nakala hii, mwingine kutoka ile. Wa mia moja arobaini na tisa tuliupata kwa urahisi. Wa mia moja hamsini na nne ulitutoa jasho. Kila tulipoushika ulikuwa umeliwa neno hili au lile, na Jerusa mwenyewe hakukumbuka alichoandika. Alisoma mistari kwa sauti akikunja uso. "Eti 'moyo wake ulidunda kama ngoma.' Nilikuwa na nini mimi?" Lakini kuna mahali alisoma, akarudia polepole, na nikaona kwamba hapo hakujionea aibu.

Saa mbili na nusu tulikuwa na nakala tatu kamili, nazo tulizishona kwa uzi. Nikamwomba tufuatane.

"Kinu nitamwachia nani? Leo ni soko." Akanisindikiza hadi barabarani, akanipa namba yake mpya. "Ila mkianza kusoma nipigieni. Weka simu mezani. Nataka kusikia kama watacheka mahali pasipofaa."

Kibwezi nilifika kwa gari la magunia ya ndengu. Hapo mabasi yote yalipita yamejaa, moja baada ya jingine, hadi saa tano. Aliyenihurumia ni dereva wa lori la matikiti maji, Mutiso, mtu mpole sana. Nilimweleza haraka yangu akasema nisiwe na wasiwasi.

Tatizo la Mutiso ni upole wenyewe. Emali wako wakwe zake, na lori lake wanalijua kwa honi. "Nikipita bila kusalimu," aliniambia kwa huzuni ya kweli, "mke wangu atajua kabla sijafika Nairobi." Tukaingia dakika tano. Kuku akachinjwa. Mimi nilikaa kwenye kiti cha wageni nikitabasamu huku nikihesabu dakika, na mama mkwe aliponiuliza kama mimi ni ndugu wa Mutiso au ni nani hasa, wote wakanigeukia. Nilitoa kitabu nikaeleza kila kitu toka mwanzo. Nilipofika kwa Halima, mama mkwe alisimama. "Na mmekaa hapa mnakula? Mutiso! Washa gari!" Kuku tulifungiwa kwenye karatasi.

Saa kumi kasoro dakika kumi tulikwama kwenye msongamano Mombasa Road. Nilimuaga Mutiso hapo hapo, akanipa tikiti maji moja kwa lazima, nikapanda pikipiki. Nilipita Likoni Road nimekumbatia tikiti kama mtoto, kurasa zimo ndani ya blauzi, nikatokea Jogoo Road, nikamwambia mwendeshaji asiniulize chochote.

Kwenye meza ya kukatia

Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini na tano. Halima alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana amevaa nguo zake za safari, na wanawe watatu wameketi juu ya masanduku. Alinishika mabega, akanikalisha kwenye kiti changu.

Mama Kioko alifunga mlango. Tulimpigia Jerusa, tukaweka simu juu ya meza ya kukatia. Upande ule tulisikia kinu kikizimwa na mtu akilalamika kwamba mahindi yake bado. "Ngoja!" Jerusa alimwambia. "Haya, soma."

Nikasoma. Mbula anafungua kufuli ya pili. Ndani ya chumba kuna taa, meza ndogo, na Mwalimu Daudi, ana ndevu za siku nane na kalamu nyekundu mkononi. Mbele yake kuna mitihani ya darasa zima. Anasahihisha. Alikuwa amewaahidi matokeo kabla ya shule kufungwa, na kila mtu alipoanza kumwambia kwamba haina haja tena, alimwomba Mzee Shaba amfungie ndani asisumbuliwe. Anamtazama Mbula juu ya miwani. "Subiri nje," anamwambia. "Yako bado."

Hapa kwetu hakuna aliyegusa cherehani.

Jumapili asubuhi orodha inabandikwa mlangoni. Mtaa mzima unakuja, hata wasio na watoto. Watu waliokuwa wamejifungia ndani tangu tangazo wanasukumana kutafuta majina. Mzee mmoja anaanza kucheza kwa sababu mjukuu wake amepita. Mbula amepata arobaini na moja. Anachukua karatasi yake, anapenya kwenye umati, anamfuata mwalimu na kumwambia kwamba swali la saba amenyimwa alama. Wanainama pamoja juu ya karatasi. Na mstari wa mwisho ni huu: *"Hapa," mwalimu alisema, "hapa ndipo ulipopotea. Tuanze tena."*

Nikafunga.

"Na jiwe?" Mama Kioko aliuliza.

"Hakuna kingine."

"Nimeuliza, jiwe lilianguka au halikuanguka?" Akainamia simu. "Wewe mama! Dunia iliisha?"

"Mimi ningejuaje?" Jerusa alijibu. "Nilikuwa karani wa maji."

Hapo karakana ililipuka. Wengine walikuwa wanacheka, wengine wanapiga meza, mmoja analia na kudai ni vumbi la kitambaa. Halima alikuwa amefunika mdomo kwa mikono yote miwili. Machozi yalimtiririka na mabega yalimtikisika kwa kicheko.

"Nilikosea," alisema. "Hakwenda popote. Alikuwa hapo hapo anafanya kazi yake."

"Mlikosea wote," Jerusa alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetabasamu. "Asanteni."

Honi ililia nje. Tulibeba masanduku, tukabeba mtoto mdogo, nami nikampa Halima nakala moja ya zile zilizoshonwa kwa uzi. Kila mtu alimkumbatia, na Mama Kioko alimkumbatia mara mbili, kisha akaingiza kichwa dirishani mwa gari akisisitiza kwamba hata hivyo Mzee Shaba ana kesi ya kujibu, huwezi kumfungia mtu siku nane.

"Lakini aliomba mwenyewe!" Halima alimwambia.

Gari lilianza kutembea. Mama Kioko akatoa kichwa. Halima naye akatoa chake.

"Rehema!" aliita. "Swali la saba lilikuwa la nini?"

Nilisimama kama mjinga. Kitabu hakisemi. Nilikimbia ndani, nikanyakua simu mezani. "Mama Jerusa! Swali la saba lilikuwa la nini?"

"La sehemu!" alisema papo hapo. "Kugawanya sehemu kwa sehemu! Hilo ndilo lililonishinda mimi mwenyewe!"

Nikatoka mbio. Gari lilikuwa limeshafika karibu na Jogoo Road, limepunguza mwendo kwenye matuta. Nilikimbia na simu mkononi, watu wakinipisha njia, nikipiga kelele kwa nguvu zangu zote, "Sehemu! Halima! Lilikuwa la sehemu!" Na kabla gari halijakata kona niliona mkono wake ukitoka dirishani, umeshika kurasa zile, ukizipunga juu kabisa kunionyesha kwamba amesikia.